Kontena la vifaa vya upasuaji: kipi kipakiwe, kipi kiachwe

Swali: Msomaji wetu anayeishi Minneapolis, Marekani, anauliza: "Sisi ni umoja wa wazaliwa wa Kilwa. Hospitali moja ya hapa inafunga vyumba vyake viwili vya upasuaji, na iko tayari kutupa bure mashine ya usingizi, otoklevu kubwa (mashine ya kutakasia vifaa kwa mvuke), diathermi (mashine ya umeme ya kukatia nyama na kuzuia damu), taa ya dari, maboksi 14 ya vifaa mchanganyiko vya upasuaji, na nyuzi za kushonea ambazo muda wake umepita kidogo. Tungependa kuvipeleka katika kituo cha afya cha nyumbani, ambacho kimeanza kufanya upasuaji wa uzazi. Nauli ya kontena tunaweza kuichanga. Je, tupakie vyote? Na kama si vyote, tuanze na kipi?"

Jibu: Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu nimekuwa msimamizi wa thieta kwa miaka mingi katika hospitali za wilaya za ukanda wa pwani, na makontena kama hilo lenu nimeyapokea zaidi ya mara moja. Katika orodha yako, chenye thamani kubwa zaidi kwa kituo chenu ni yale maboksi 14 uliyoyataja karibu na mwisho kama nyongeza, na chenye hatari kubwa zaidi ya kuishia chini ya mwembe kikiwa kimefunikwa turubai ni ile mashine ya usingizi uliyoitaja ya kwanza. Najua jibu hili halitawafurahisha wanachama wenu, kwa kuwa mashine ndiyo inayopendeza kwenye picha ya makabidhiano, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Sisi tunaofanya kazi thieta huhesabu uwezo wa chumba chetu kwa seti. Seti ni trei moja yenye vifaa vyote vinavyohitajika kwa upasuaji wa aina moja, iliyofungwa kwa kitambaa mara mbili, ikatakaswa, ikaandikwa tarehe na kuwekwa kabatini ikisubiri. Ukifungua seti ya kumtoa mtoto kwa upasuaji, utakuta kishikio cha kisu, mkasi wa kukatia nyama na mkasi wa kukatia uzi, forsepu zenye meno na zisizo na meno, artery sita au nane za kubana mishipa ya damu, zile forsepu pana za Green-Armytage za kushikia kingo za mfuko wa uzazi, kijiko kikubwa cha Doyen cha kuvutia kibofu pembeni, nidoholda mbili za kushikia sindano ya kushonea, vishikizo vya sponji, vibanio vya vitambaa na bakuli la figo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotumia umeme. Hakuna kinachohitaji fundi kutoka nje ya nchi. Lakini nidoholda moja ikikosa kushika sindano, daktari aliyesoma miaka mingi atasimama mbele ya mama anayevuja damu akiwa hana la kufanya.

Usiku mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulikuwa na seti mbili tu za upasuaji wa uzazi. Mama wa kwanza aliingia saa nne usiku, wa pili saa sita kasoro, na saa saba na nusu akaletwa wa tatu kwa pikipiki, mkono wa mtoto ukiwa umetangulia. Daktari alikuwepo, dawa ya ganzi ilikuwepo, taa ilikuwa inawaka. Seti ya kwanza ilikuwa ndani ya otoklevu, ya pili ilikuwa bado kwenye ndoo ya kuoshea. Otoklevu ina saa zake na haiombeki: maji yachemke, hewa yote itoke, joto lifike nyuzi 121, hapo ndipo dakika 30 za vifaa vilivyofungwa zianze kuhesabiwa, kisha vifaa vikauke na vipoe kiasi cha kushikika. Tulikaa na yule mama zaidi ya saa nzima tukimshika mkono na kuusikiliza moyo wa mtoto. Mtoto alizaliwa amechoka, akalia baada ya kusaidiwa hewa kwa dakika kadhaa, na mama akapona. Kesho yake asubuhi wageni kutoka wilayani walikuja kukagua, wakaniuliza tunahitaji mashine gani. Nikawajibu kwamba tunahitaji trei mbili zaidi na vya kujaza ndani yake, na niliona wazi kuwa walidhani sijalielewa swali.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, mpigieni simu mwuguzi anayesimamia thieta ya kituo chenu, yeye mwenyewe, kwa kuwa mganga mfawidhi na mwenyekiti wa kijiji hawaijui kabati ile kama anavyoijua yeye. Mwulizeni ana seti ngapi kamili za upasuaji wa uzazi, na neno "kamili" mlitilie mkazo. Kwa maoni yangu, kituo kinachopokea akina mama usiku kisiwe na seti pungufu ya nne, pamoja na mbili ndogo za kushonea michaniko na kusafishia kizazi, na moja kubwa ya tumbo kwa siku ambayo mfuko wa uzazi umepasuka.

Sasa turudi kwenye maboksi. Vifaa vinavyotoka hospitali kubwa huwa vimechanganyika, na mara nyingi vimewekwa pembeni kwa sababu fulani. Tafuteni muuguzi wa thieta aliyestaafu huko mliko, nina hakika hamtamkosa, mkae naye Jumamosi mbili mkichambua kimoja kimoja kwenye meza yenye mwanga wa kutosha. Mkasi ujaribuni kwa kukata tabaka moja la gozi iliyolowa, na ukate hadi kwenye ncha bila kutafuna. Artery ifungeni hadi jino la kwanza la kufungia, muigonge taratibu mezani, na ikifunguka yenyewe iwekeni kando. Nidoholda ipeni sindano ya kushonea, mfunge, kisha mjaribu kuizungusha kwa vidole. Ikizunguka, taya zimekwisha. Angalieni penye bawaba, mahali ambapo vipande viwili vinapishana, kwa kuwa damu ya zamani na kutu hujificha hapo. Vifaa vya upasuaji wa tundu dogo kwa kamera, ambavyo nina uhakika mtavikuta kwa wingi, viacheni huko huko, hata viwe vizuri kiasi gani.

Msitishwe wala msivutiwe sana na jina la nchi lililochorwa kwenye chuma. Sehemu kubwa ya vifaa vya mkono vya upasuaji duniani hutengenezwa katika mji wa Sialkot nchini Pakistan, na mji wa Tuttlingen nchini Ujerumani ndio wenye sifa ya zamani katika kazi hiyo. Vipo vinavyofuliwa Sialkot na kumaliziwa Tuttlingen. Nimewahi kutumia mkasi wa bei ndogo kwa miaka kumi, na nimewahi kutupa wa bei kubwa baada ya miezi minane, na tofauti yake ilikuwa namna ulivyooshwa.

Hapo kwenye kuosha nitakaa kidogo, kwa sababu kituo chenu kipo Kilwa, na Kilwa ina upepo wa bahari na visima vingi vya maji ya chumvi. Chuma tunachokiita kisichoshika kutu hushika kutu vizuri sana kikikutana na chumvi au klorini kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi tulifundishwa, na mimi mwenyewe nimewafundisha wengine, kuloweka vifaa kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 mara tu baada ya upasuaji, ili kumlinda anayeosha. Jambo lenyewe lilifanyika ovyo: dakika 10 zikawa usiku kucha, na jiki ikamiminwa kwa macho bila kipimo. Vifaa vikatoka na vishimo vidogo kama vya ndui, na kila kishimo kikawa nyumba ya vijidudu ambayo brashi haifiki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu usafishaji wa vifaa tiba haupendekezi tena kuloweka kwenye klorini kabla ya kuosha. Kinachotakiwa ni kuvilowanisha vifaa damu isikaukie, kuviosha kwa sabuni isiyo kali na brashi laini chini ya maji huku mwoshaji amevaa glavu nzito, miwani na aproni, kuvisuuza, kuvikausha kabisa, na kuweka tone la mafuta maalumu ya vifaa kwenye bawaba.

Ikiwa umoja wenu una fedha zinazobaki baada ya nauli, tangi la kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye paa la kituo litafanya kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Maji ya mvua hayana chumvi ya kisima. Yatasuuza vifaa, na yakichujwa au kukenekwa yataingia kwenye otoklevu bila kuacha ukoko mweupe unaoua kipasha joto chake. Nimeona otoklevu mpya ikifa kwa ukoko huo kabla ya Ramadhani ya pili kufika.

Tukija kwenye otoklevu yenu kubwa, naomba muangalie kibao cha chuma kilicho nyuma yake. Otoklevu za hospitali kubwa mara nyingi hutaka umeme wa fezi tatu, na nyingine hutegemea bomba la mvuke linalotoka kwenye boila ya jengo zima, na kituo cha afya hakina boila. Hata ile inayotumia umeme wa kawaida italeta shida, kwa kuwa umeme wa Marekani ni wa volti 120 na hezi 60 (yaani mitetemo 60 ya umeme kwa sekunde), na wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Watu watawaambia kwamba transfoma itamaliza tatizo. Transfoma inashusha volti, lakini hezi haizigusi. Pampu au mota iliyoundwa kwa hezi 60 itazunguka pungufu kwa moja ya sita, itapata joto kuliko kawaida, na saa zake zinazohesabu kwa kufuata umeme zitachelewa. Kwa kifaa ambacho uhai wa mgonjwa unategemea dakika na joto lake, mimi sikubali kubahatisha.

Badala yake, nunueni otoklevu mbili za wima za ukubwa wa kati, zile zenye umbo la sufuria kubwa la presha, zinazoweza kuwekwa juu ya jiko la gesi au la mkaa umeme ukikatika. Zinapatikana mpya, vipuri vyake ni vichache, na muuguzi anaweza kubadilisha mpira wa mfuniko mwenyewe. Mpakie na mipira ya akiba na vali ya usalama ya akiba. Wekeni pia boksi la mikanda ya otoklevu na boksi la vipimo vya kuweka ndani ya furushi. Mkanda ule wenye mistari inayogeuka kuwa myeusi huwadanganya wengi: unaonyesha tu kwamba furushi limepita kwenye joto, hauonyeshi kwamba mvuke ulifika katikati ya trei kwa muda wa kutosha. Cha kuonyesha hilo ni kile kipimo cha ndani, ambacho msaidizi anakitazama baada ya trei kufunguliwa na kabla kisu hakijashikwa.

Mashine ya usingizi nayo ina hadithi yake. Upasuaji mwingi wa uzazi katika vituo vyetu hufanyika kwa ganzi ya uti wa mgongo, kwa sindano nyembamba na dawa ya mililita mbili hivi, na mama anazungumza huku mtoto akitolewa. Nusu kaputi huhitajika ganzi ikishindwa au damu ikiwa imemwagika nyingi, na hapo ketamini, dawa ya usingizi ya sindano, ndiyo hutuvusha mara nyingi. Mashine ya kisasa mliyopewa inataka oksijeni yenye mgandamizo wa kama bar 4 kutoka ukutani, inataka umeme usiokatika, inataka dawa ya usingizi ya kuvuta inayolingana na kikombe chake cha kuigeuza mvuke, chokaa ya kufyonza hewa chafu, na fundi mwenye kompyuta ya kuirekebisha vipimo. Konsentreta ya oksijeni, yaani mashine ya kuchuja oksijeni kutoka kwenye hewa, ambayo ndiyo kituo kinaweza kuwa nayo, hutoa oksijeni ya asilimia 93 hivi kwa mgandamizo mdogo ambao mashine hiyo haiutambui. Mtaiunganisha, itapiga king'ora, itazimwa.

Tatizo hili si geni, na wapo waliolitafutia dawa kwa kuanzia upande wetu. Dkt. Paul Fenton, aliyefanya kazi ya usingizi kwa miaka mingi Blantyre, Malawi, alibuni mashine inayotengeneza oksijeni yake yenyewe kutoka kwenye hewa umeme ukiwepo, na umeme ukikatika mgonjwa huendelea kuvuta hewa ya chumba kupitia kikombe cha dawa bila mtu kugusa chochote. Mashine ya aina hiyo kituo chenu kinaweza kuitunza, mradi kiwe na mtaalamu wa usingizi aliyefunzwa kuitumia. Kama mtaalamu huyo hayupo, msimnunulie mashine mtu asiyekuwepo.

Kile ambacho ningekipakia bila kuuliza ni vipima oksijeni vya kidole, vile vya thieta vyenye betri, king'ora na waya imara, kwani vile vidogo vya kubana vya dukani havistahimili kazi. Shirika la Lifebox lilianzishwa mwaka 2011 hasa kwa ajili ya kufikisha kifaa hiki kwenye thieta zisizokuwa nacho. Sauti yake inashuka kadiri oksijeni inavyoshuka, kwa hiyo hata ukiwa umeinama kwenye kidonda masikio yako yanamlinda mgonjwa. Kwa Kilwa nitaongeza angalizo dogo ambalo halimo kwenye kijitabu cha maelekezo: akina mama wetu huja kujifungua wamepambwa, na piko nyeusi kwenye vidole huzuia mwanga wa kifaa hata kikaonyesha namba ya uongo au kisionyeshe kitu. Vidole vya miguu navyo vimepakwa. Kwa hiyo pakieni na vibanio vya sikioni.

Diathermi chukueni ikiwa inakubali volti zetu na hezi zetu, na ikiwa inafanya kazi na sahani ya kurudishia umeme, inayowekwa chini ya mgonjwa na kutumika tena na tena. Ile inayotaka bango jipya la kubandika kwa kila mgonjwa itawafanya watumie bango moja wiki nzima, na bango lisiloshika vizuri huunguza ngozi ya paja bila mtu kujua mpaka kesho yake. Taa ya dari iacheni. Dari ya kituo haikujengwa kubeba uzito ule. Taa ya LED ya kusimama sakafuni, na taa mbili za kuvaa kichwani zenye betri za kuchaji, zinatosha.

Nyuzi zilizopitwa na muda msizipakie. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu misaada ya vifaa tiba unasisitiza kwamba ubora usiwe na vipimo viwili, na hili ndilo ningependa umoja wenu ulijadili kwanza. Ikiwa hospitali ya Minneapolis haiwezi kuutumia uzi huo kumshona mgonjwa wake leo, hakuna sababu ya kumshona nao shangazi yako Kilwa Masoko. Kama mnataka kuzitumia, zipelekeni kwenye chuo cha uuguzi zikafundishie mafundo kwenye ngozi ya nguruwe au kipande cha sponji, na boksi liandikwe kwa herufi kubwa kwamba ni za mafunzo.

Huenda ukaona ninakaza sana, kwa hiyo nikupe sababu yenye takwimu. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha hesabu ya vifaa tiba zaidi ya laki moja katika hospitali za nchi zenye kipato kidogo, wakakuta kwamba kiasi cha asilimia 38 vilikuwa havifanyi kazi. Sababu walizozitaja wala hazikushangaza mtu wa thieta: mafunzo, miundombinu na utunzaji. Wakati huo huo, Tume ya jarida la tiba la Lancet kuhusu upasuaji ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji salama wanaoumudu. Mahitaji ni makubwa na vyuma vimejaa stoo.

Upasuaji wa hisani mimi siupingi hata kidogo, kwa maana nimesimama kwenye kambi nyingi. Watu wa pwani tunazijua kambi za mabusha, ambapo wanaume waliokaa na aibu kwa miaka kumi hupasuliwa bure na kurudi kazini, na vifaa vyake ni seti ndogo tu inayotoshea kwenye bakuli. Nimeona kambi iliyokuja na seti 30 zake, ikapasua kwa siku tano, ikaondoka na seti 30 zake; wiki iliyofuata waliopata usaha walikuja kwetu, nasi tukawa na seti moja ya kufungulia vidonda. Nimeona pia kambi iliyoacha nusu ya seti zake, na daktari wetu msaidizi akaendelea kuwapasua waliokosa nafasi, wawili kila Alhamisi, kwa mwaka mzima. Gharama ya kambi zile mbili ilikaribiana.

Ipo mifano miwili ya hisani iliyofikiriwa vizuri ambayo ningependa muijue kabla ya kikao chenu. Wa kwanza unahusu mifupa. Lewis Zirkle, daktari wa mifupa wa mji wa Richland katika jimbo la Washington huko huko Marekani, alianzisha mwaka 1999 shirika linaloitwa SIGN, linalotengeneza msumari wa kuunganishia mfupa wa paja na wa muundi kwa hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya thieta. Msumari una mkono wa nje unaomwelekeza daktari mahali pa kutoboa ili skrubu iingie kwenye tundu lililo ndani ya mfupa, bila kuuona. Daktari anatuma taarifa na picha za mgonjwa aliyemhudumia, na shirika linatuma msumari mwingine kufidia ule uliotumika. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni miongoni mwa zinazoutumia, na kwa ajali zetu za pikipiki hamhitaji maelezo ya kwa nini. Msaada wenyewe unaendana na kazi iliyofanyika, na kila kinachotumwa kimeshaombwa.

Wa pili ni wa ngiri. Kuziba ngiri kwa wavu hupunguza sana kurudi kwake, lakini wavu wa kiwandani uligharimu zaidi ya dola 100. Huko Kamuli, mashariki mwa Uganda, watafiti walifanya jaribio kwa wanaume zaidi ya 300, nusu wakiwekewa wavu wa kiwandani na nusu wavu wa chandarua kisicho na dawa ya mbu, uliokatwa na kutakaswa kwa mvuke, wenye gharama ya takriban dola 1. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja, ngiri ilirudi kwa mgonjwa mmoja tu wa kundi la chandarua, na matokeo ya makundi mawili hayakutofautiana kwa maana yoyote. Msije mkakata chandarua cha nyumbani, kwa sababu aina ya plastiki na joto la kutakasia ni mambo yaliyopimwa, na wavu ule huyeyuka joto likizidi. Lakini mnaona tena kwamba swali zima limerudi kwenye otoklevu inayoaminika.

Pamoja na vyuma, chapisheni kwa karatasi nzito na plastiki juu ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na moja kati yake ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matokeo yakatangazwa mwaka 2009. Ndani yake vifaa vimeulizwa mara tatu kwa sauti: kabla ya usingizi, je, kipima oksijeni kimewekwa na kinafanya kazi, kabla ya kukata, je, utakaso wa vifaa umethibitishwa, kabla mgonjwa hajatoka, je, hesabu ya vyuma, gozi na sindano imetimia, na kuna kifaa kilichokuwa na hitilafu. Swali hilo la mwisho ndilo linaloniwezesha kuutoa mkasi butu kwenye trei usiku ule ule badala ya kuukuta tena kwa mgonjwa mwingine.

Kuhusu taratibu, ombeni kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kabla kontena halijafungwa, kupitia kituo chenyewe na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, na mtume orodha yenye jina la kila kifaa, mtengenezaji, mwaka na hali yake. Maneno "vifaa mchanganyiko, boksi 14" yataliweka kontena bandarini huku gharama za kuhifadhi zikipanda kila siku. Kila kitu chenye waya kiende na kitabu cha fundi, maana cha mtumiaji pekee hakimsaidii anayetaka kukifungua. Mwulizeni mganga mkuu wa wilaya ni fundi yupi wa vifaa tiba anayehudumia kituo hicho. Vijana waliosomea kazi hiyo wapo, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, inawafundisha, na nauli ya fundi mmoja kuja kukaa siku tatu vifaa vinapofika ingizeni kwenye bajeti yenu ya kontena.

Mwisho kuna jambo ambalo kila umoja hunishangaa ninapolisema. Mtataka kuandika jina lenu kwenye vifaa, na mtu atajitolea kalamu ya umeme ya kuchorea chuma. Msiikubali. Mchoro ule huvunja ngozi ya juu inayokilinda chuma, na kwa hewa ya Kilwa, kutu itaanzia kwenye herufi ya kwanza ya jina lenu. Jina liandikeni kwenye mlango wa kabati.